Shuka za Fedha

Baba yangu hakuwa bahili. Alikuwa mtunzaji, na tofauti ya mambo hayo mawili aliijua yeye peke yake. Betri za redio zikiisha nguvu alizianika juani juu ya banda la kuku, zikapata uhai wa taarifa ya habari moja zaidi, kisha akazirudisha juani. Shati aliloletewa na kaka yangu kutoka Dar es Salaam lilikaa ndani ya mfuko wake wa nailoni, na pini zake zote, mwaka hadi mwaka. Ukimuuliza, alikuambia analitunza. Ukimuuliza analitunzia nini, alikuambia wewe ni mtoto mjinga.

Nyumbani kwetu Kwaluguru kitanda cha wageni kilikuwa na shuka nzuri kuliko zote, nyeupe, zimedariziwa maua pembeni, na hakuna mgeni aliyewahi kuzilalia. Mgeni akifika zilitolewa sandukuni, zikatandikwa, mgeni akaziona. Wakati wa kulala mama alizikunja akatandika za kawaida. "Ameshaziona," baba alisema, na kwake yeye ukarimu ulikuwa umekamilika. Nayasema haya mapema ili mtu asishangae yatakayofuata. Mimi niliyezaliwa ndani ya nyumba ile nilipaswa kuyatarajia, na sikuyatarajia, ndiyo maana nilikasirika vile.

Mama alikuwa Msambaa wa Dindira, mtoto wa milimani kwenye chai na ukungu, aliyeteremka kuolewa na Mzigua wa nchi kavu. Wale wawili walianza kutaniana kabla ya ndoa na hawakuacha. Baba alidai kwamba alimwokoa na baridi. Mama alijibu kwamba kwao maji yanatafuta watu, ila kwa Wazigua watu ndio wanaotafuta maji. Mikononi alivaa bangili mbili za fedha, moja kila mkono, alizopewa na bibi yake siku alipoondoka mlimani. Zilifuliwa na fundi wa zamani kutokana na sarafu za Mjerumani, au ndivyo alivyoambiwa. Akisonga ugali ziligonga ukingo wa sufuria, na sisi watoto tuliijua saa ya chakula kwa mlio ule.

Mimi nilikuwa nesi. Nasema nilikuwa kwa sababu nimestaafu, ingawa mikono yangu bado inajinawia yenyewe kila nikipita karibu na bomba. Nilifanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Handeni, ambayo jina lake nitaliacha, maana wengi niliofanya nao kazi wapo hai na hawapendi kuchekwa. Nilisimamia wodi ya wanaume waliopasuliwa, waliovunjika, walioungua na waliokatwa na mapanga yao wenyewe. Walinipa jina la utani ambalo sitaliandika. Lilihusu sauti yangu.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji aliyenuna, sasa yalijaa biskuti, redio za kaseti na dawa za meno za kila rangi. Mitumba ilitundikwa kandokando ya barabara mpaka ukadhani miti imevaa. Na hospitalini, mahali ambapo tangu nianze kazi mgonjwa alikuja na ugonjwa wake tu, pakatobolewa dirisha dogo lenye nondo, na nyuma yake akakaa mama mmoja wa kukata risiti. Serikali iliita kuchangia. Watu waliita kulipa.

Pamoja na ruksa walikuja mawakala. Yule wa shuka alikuja na gari lenye ubaridi ndani, amevaa tai, katika jua la Handeni linalofanya hata mbuzi wavue aibu. Alikunjua juu ya meza ya daktari shuka kadhaa zenye rangi ya maji yaliyooshea mchele. Akaeleza kwamba katikati ya pamba mle mna nyuzi zilizopakwa fedha, madini yenyewe, na kwamba vijidudu vinavyoozesha vidonda vikiigusa fedha vinadhoofika, havizaani kama vilivyozoea. Alisema Ulaya zimeanza kutumika mahospitalini. Alituachia shuka za kutosha vitanda vinne na za kubadilishia, sampuli, bila malipo. Tukizipenda, hospitali ingenunua nyingine.

Alimwita na dobi wetu akampa masharti. Zisitiwe dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Zisitiwe wanga. Zisichemshwe. Dobi, mtu wa mizaha aliyekuwa akifua shuka za wodi tatu kwa maji ya kuletwa na trekta, aliuliza kama zinaruhusiwa kulowana. Tangu siku ile tulimwambia kwamba cheo chake kimepanda, si mfua nguo tena, sasa ni mfua fedha, na yeye akaanza kutembea wodini amefunga mikono nyuma kama mkaguzi.

Mimi sikuziamini sana, lakini nilitaka ziwe za kweli. Miezi michache nyuma tulikuwa na kijana dereva wa trekta aliyeungua mguu. Aliingia akicheka na manesi. Wiki ya pili usaha ukageuka kijani, ukaanza kunuka harufu tamu inayokaa puani hata ukiwa nyumbani unakula, na dawa tulizokuwa nazo hazikufua dafu. Tulimpeleka hospitali kubwa, akarudi na mguu mmoja na bila kicheko. Hakuja na usaha ule kutoka nyumbani kwao. Aliupata kwetu, kwenye shuka zetu au mikononi mwetu, na hilo lilinikera kiasi kwamba nilikuwa tayari kumsikiliza hata mtu wa tai.

Sasa, kosa lilifanyika kwa Kiswahili fasaha. Daktari wetu alikuwa kijana msomi, mpole, aliyeipenda lugha mpaka alikuwa akitusahihisha tukipiga soga. Saa ya kutazama wagonjwa, ndugu wamejaa na vikapu vyao, alisimama katikati ya wodi akanyoosha mkono kwenye vitanda vinne vya upande wa dirisha.

"Ndugu zangu," alisema, "kuanzia leo vitanda hivi vina shuka za fedha."

Aliongeza mengine kuhusu vijidudu, lakini hakuna aliyeyasikia. Nilikwenda kunywa chai. Niliporudi vitanda vinne vilikuwa vitupu, vimetandikwa vizuri kuliko nilivyovitandika mimi, na wenyewe wamehamia kwa majirani. Mmoja alikuwa na bandeji ngumu ya plasta mpaka kwenye paja, na mpaka leo sijui alivukaje chumba. Walilala wawili wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, ndani ya joto lile, kuliko kulalia shuka ya fedha.

Nilipaza sauti. Niliwaeleza kwamba ni fedha ile ya pete, fedha ya mkufu, siyo fedha ya dirisha la risiti. Wakanisikiliza kwa heshima sana. Mzee mmoja akauliza, kwa adabu, kama risiti inakatwa kabla ya kulala au baada ya kuamka.

Katika hali hiyo ndipo baba yangu alipoungua.

Alikuwa anachoma shamba kungoja mvua za vuli, na upepo, ambao alikuwa akiufahamu tangu utoto wake, siku ile ukamgeuka. Moto ulipita kwenye majani makavu ukamshika miguu yote miwili, kuanzia vifundoni hadi chini kidogo ya magoti. Majirani walimleta juu ya pikapu ya mnunuzi wa mahindi. Nilinusa kabla sijaona. Wodi nzima ilinuka mnanaa. Walikuwa wamempaka dawa ya meno miguu mizima, nyeupe yenye mistari myekundu.

"Shikamoo baba," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile.

"Marahaba mwanangu." Alinipa kifundo cha leso. Ndani mlikuwa na ile dawa ya meno, imekunjwa kuanzia mkiani. "Imebaki nusu. Itunze."

Nilimsafisha mwenyewe. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba nimeosha vidonda vingi ambavyo vimenitoa jasho, lakini vile vilinitoa machozi, na baba ndiye aliyekuwa akinibembeleza. Daktari alipomtazama alinivuta pembeni akasema ngozi itajijenga yenyewe, polepole, mradi vidonda visiingiliwe. Vikiingiliwa tutampeleka kulekule alikopelekwa dereva wa trekta. Hakuendelea, wala sikumtaka aendelee. Baba yangu alilima kwa miguu ile. Alikwenda kwa miguu mpaka Kwedizinga kumjulia hali mtu ambaye hata hawakupendana, kwa sababu tu alisikia anaumwa.

Nikamlaza kitanda cha dirishani, juu ya shuka ya fedha, na nikashukuru kwamba kilikuwa wazi. Nikaenda kuandaa dawa. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameachia upana wa kiganja tu chini yake, miguu inaning'inia.

"Kwa nini hapa hapana watu?" aliuliza.

Kabla sijajibu, yule mzee wa risiti alimjibu kutoka ng'ambo. "Za fedha hizo."

"Baba, si kwa maana hiyo," nilianza.

"Mwanangu, mimi juzi nilikuwa stendi ya Korogwe. Nimeingia chooni kukojoa, kijana kanidai hela mlangoni. Mkojo wangu mwenyewe, nimetoka nao nyumbani. Kama kukojoa kunalipiwa, shuka ya fedha itakuwa bure?"

Wodi yote ilicheka, na wengine vidonda viliwauma kwa kucheka. Nikamweleza habari ya wakala, habari ya sampuli. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anayetoka Dar es Salaam na gari kuja kugawa shuka bure ana lake jambo. Nikamweleza habari ya vijidudu. Akaligeuza upande wa dini. Alisema Mtume katukataza vyombo vya fedha.

"Vyombo vya kulia na kunywea, baba. Kwani wewe unataka kuila shuka?"

Akapanda kitandani. "Haya sista, nimekusikia," alisema. Kuniita sista kama wagonjwa wengine ilikuwa njia yake ya kuniambia nimevuka mpaka. Nilidhani nimeshinda.

Asubuhi nilimkuta amelala chali juu ya godoro tupu, lile lenye kifuniko cha plastiki ambalo miaka na miaka wanaume wamelitolea jasho na mengine. Bandeji za kisigino zimegandana nalo. Shuka ya fedha ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, chini ya mto.

"Nimeitunza," alisema.

Hapo nilifoka. Nilifoka mpaka dobi aliacha ndoo akaja kuchungulia. Nilimwambia baba yangu mzazi, mbele ya watu, kwamba hana akili, kwamba atakatwa miguu kwa ajili ya ubahili, kwamba huko atakakopelekwa shuka ataipata, atazungushiwa kabisa kuanzia kichwani. Maneno hayo hayasemwi kwa mzazi. Alisema, "Si ubahili," kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa, nami nikatoka nje nikanawa mikono mara mbili ingawa haikuwa michafu.

Siku mbili tulivutana hivyo. Nikitandika, akikunja. Mama alikuwa bado nyumbani anatafuta wa kuangalia mbuzi. Kisigino cha kushoto kilianza kuloa. Hakijawa kijani, lakini kilikuwa kinafikiria, na mimi kila nikifungua bandeji nilinusa kwanza ndipo nikatazama.

Mama alipofika nilimkimbilia getini kabla hajaingia wodini, nikamweleza yote tukiwa tumesimama pale bombani. Alinisikiliza kikapu kikiwa kichwani. Kisha aliuliza swali moja tu.

"Anachoogopa ni kulipa, au kuimaliza?"

"Vyote viwili."

Akatua kikapu. "Nipe sabuni."

Nilidhani anataka kunawa. Alijipaka povu viganja vyote akaanza kuvua bangili. Hazikutaka. Zilikuwa zimezeeka naye, mkono umenenepa baada ya kuzaa na bangili imebaki ya msichana. Alivuta, akauma meno, akatukana Kishambaa, moja ikatoka, kisha ya pili, na palipokuwa nazo pakabaki duara la ngozi nyororo ya rangi ya maziwa ya chai. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akachomeka pindo kiunoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Ukicheka mle ndani," alisema, "nakuchapa mbele ya manesi wako."

Tukaingia. Akamwamkia mumewe, akampa pole, akamtania kidogo kwamba Mzigua hata moto wa shamba lake mwenyewe unamkimbiza. Baba akacheka. Alipoanza kumfunulia uji, mikono yake ikapita mbele ya macho ya baba, wazi kabisa, na mimi niliona baba alipoona.

Mama alimimina uji polepole sana.

"Hiyo shuka," alisema bila kumtazama, "imeshalipiwa."

"Na nani?"

Mama akajitengeneza kanga begani, mkono mmoja, kisha mwingine. "Imelipiwa. Mpaka upone. Wewe ukiikunja, wao wamekula bure."

Nimeona wanaume wakipewa habari nyingi nzito kwenye wodi ile, lakini sijaona uso ukibadilika kama ule. Kwanza yalikuja machozi, ambayo alisingizia ni mvuke wa uji. Kisha, nyuma ya machozi, ikaja ile tabia yake ya asili. Wamekula bure! Aliitazama shuka iliyokunjwa kama mtu anayetazama maji yakimwagika.

"Itandike," aliniambia. "Unangoja nini?"

Kuanzia hapo hakutoka. Aliilalia shuka ile kwa bidii kama mtu anayelima kibarua cha siku. Alilala katikati, akilaza miguu yote miwili barabara, na tukimwambia ajinyooshe kidogo alisema hajamaliza. Dobi akija kuichukua kufua alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, na asingekubali ya kubadilishia mpaka nimthibitishie kwamba nayo ni ya fedha. Mbaya zaidi, au nzuri zaidi, aligeuka askari. Hakuna aliyegusa kitanda chake bila kunawa. "Shuka hii imelipiwa," alikuwa akisema, na nesi mwanafunzi akarudi bombani, na mhudumu akarudi bombani, na siku moja daktari mwenyewe, msomi na Kiswahili chake, akarudi bombani. Nilikuwa nimehubiri habari ya kunawa mikono wodini mle tangu nilipopewa usimamizi, nikaambulia jina la utani. Baba aliwanyoosha kwa siku tatu.

Wale wengine nao walimtazama. Hoja yao ilikuwa fupi: kama yule mzee amekubali kulala pale, basi ni bure kweli. Vitanda vya dirishani vikajaa siku hiyohiyo. Mzee wa risiti alikuwa wa kwanza, na asubuhi alitangaza kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hiki amekilalia na hakina hata mmoja.

Kisigino kilikauka. Nilikifungua asubuhi moja nikanusa, hakuna kitu, nikatazama, nikaona pembezoni mwa kidonda ngozi mpya ya waridi, nyembamba kama utando wa yai. Nikaenda stoo ya dawa nikafunga mlango nikalia vizuri. Mpaka leo sijui kilichomponya. Yaweza kuwa fedha. Yaweza kuwa yale maji na sabuni na watu kurudishwa bombani, maana hata wakala wa tai hakusema kwamba shuka itanawa mikono kwa niaba yako. Nikiwaambia wenzangu kwamba ni uongo wa mama wanacheka, lakini nao nauweka kwenye hesabu.

Kuhusu shuka zenyewe, mwisho wake haukuwa wa heshima. Ilitangazwa kwamba atakuja mgeni rasmi, na mkubwa mmoja alipoziona rangi yake alisema hatuwezi kumwonyesha mgeni shuka chafu. Dobi alieleza masharti. Akaambiwa yeye ni dobi. Basi akazitia dawa ya kung'arisha, zikalala ndani usiku kucha, na asubuhi zikatoka nyeupe pe pe pe, na fedha yake sijui ilikwenda wapi. Mgeni rasmi alizisifu sana. Wakala hakurudi, na hospitali haikununua nyingine.

Baba alirudi Kwaluguru na miguu yake miwili. Ilikuwa na mabaka, imevutika vutika, na aliionyesha kwa kila mtu aliyepita, ila miguu ilikuwa miguu. Alipoweza kutembea bila fimbo alimtoa mbuzi dume, akampeleka mnadani, hakumwambia mtu, akapanda basi kwenda Korogwe. Alirudi jioni na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amezunguka stendi nzima, akabishana na kila mwenye meza, mpaka alipompata kijana aliyemwapia kwa jina la Mungu kwamba hizi ni fedha tupu.

Nilikuwepo siku hiyo kwa likizo. Mama alifungua gazeti. Alizipima mkononi, bangili mbili, na mimi niliyemfahamu niliona jinsi mkono ulivyopanda juu kidogo kwa wepesi wa kile kitu. Mtu aliyevaa fedha tangu usichana hahitaji kuambiwa bati ni lipi. Akazivaa. Ziliingia kwa urahisi, zilikuwa kubwa.

"Kasonge ugali tusikie," baba alisema.

Akasonga. Ziligonga sufuria kwa mlio wa kifuniko kilichoanguka.

"Zinalia vizuri kuliko zile," baba alisema, na alikuwa anamaanisha.

Nilimfuata mama jikoni. Nilimwambia amwambie ukweli, zile za bibi yake ziko sandukuni, azivae, mambo yaishe, tucheke. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo na nimeunguza maharage.

"Nimwambie nini?" alisema. "Kwamba nilimdanganya mimi, au kwamba kadanganywa na mtoto wa Korogwe? Chagua moja. Halafu, mimi nilisema nimeuza? Nilisema shuka imelipiwa. Si ilikuwa bure? Ya bure imeshalipiwa."

Akazivaa miaka yote. Zilimwachia pete nyeusi mikononi, akazisugua kwa majivu, zikaacha tena. Akienda harusini kwao Dindira dada zake walimcheka kwamba nchi kavu imemfilisi. Aliwaambia ni mtindo mpya. Baba kila baada ya muda alimshika mkono, akaizungusha ile bangili, akasema, "Kitu cha fedha hicho, kitunze," na mama alijibu, "Natunza."

Baba alifariki akiwa mzee kabisa, usingizini, na miguu yake yote miwili, nataka hilo lieleweke. Mama akakaa eda. Kama inavyompasa mfiwa alivua mapambo yote, na zile bangili za Korogwe akaziweka mwenyewe dirishani, juu ya gazeti. Zilikaa pale muda wote huo na hakuna aliyeruhusiwa kuzihamisha hata kwa kufuta vumbi.

Eda ilipokwisha wanawake walikuja kumwogesha na kumvisha. Mimi nilitumwa sandukuni nikatoe kanga mpya. Shati la Dar es Salaam lilikuwa bado mle, ndani ya mfuko wake, na pini zote. Chini kabisa, kwenye pindo la kanga kuukuu ambalo halijafunguliwa tangu pale bombani, nikapapasa kifundo kizito. Zilikuwa zimekuwa nyeusi kama makaa kwa kukaa gizani. Nilizichukua nje nikazisugua kwa majivu na ndimu, nikazisugua mpaka vidole vikauma, zikarudi nyeupe, na nilikuwa na furaha ya ajabu, kwamba sasa hakuna tena wa kumficha, mwanamke huyu atavaa kitu chake.

Nikampelekea kwenye kiganja. Wanawake walisogea kutazama, maana hata wasiojua kitu waliona kwamba zile ni fedha.

Mama alizitazama. Alizigusa kwa kidole, moja, halafu nyingine, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Kisha akanikunjia vidole vyangu juu yake.

"Hizo nilipewa bure," alisema. "Vaa wewe." Akanyoosha mkono kuelekea dirishani. "Nipe zile za fedha."